Barua za Wazazi: Mwache Ajibu Mwenyewe

Tangu tulipogusia stadi laini katika safu hii, barua zimekuwa nyingi kuliko nafasi tuliyonayo. Kwa jina hilo tunakusudia uwezo wa kuzungumza na kusikiliza, kushirikiana na wenzako, kutuliza hasira, kusubiri, kufanya uamuzi na kuanza upya baada ya kushindwa. Jina lenyewe halikubuniwa na walezi wala na walimu wa chekechea. Lilienea kutoka katika jeshi la Marekani, ambalo kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 lilikuwa likitofautisha kazi za kushika mitambo na zile za kushughulika na watu. Mitambo ilionekana kuwa migumu, basi kisichokuwa mtambo kikaitwa laini. Nadhani jina hilo limewapotosha wazazi wengi, maana sijaona stadi inayomchosha mtoto, na mzazi wake pia, kuliko hizi. Shirika la Afya Duniani lilipoandaa mwongozo kwa ajili ya shule katika miaka ya 1990 lilipendelea kuziita stadi za maisha, likataja kumi za msingi, miongoni mwake kujitambua, kuwahurumia wengine na kukabiliana na msongo wa mawazo. Msomaji atumie jina analolipenda.

SWALI: Mshauri, salaam. Mwanangu wa kiume ana umri wa miaka kumi, na darasani hatoki katika watatu wa kwanza. Shida yake ni mdomo. Mgeni akimsalimu hujibu kwa sauti isiyosikika, na akiulizwa jambo lolote hubabaika mpaka nimsaidie kujibu. Je, kuna kozi ya likizo ambayo ningempeleka akajifunze kujiamini? (Mama wa mtoto mpole)

JIBU: Dada yangu, kabla hujatafuta kozi, isome tena sentensi uliyoiandika kwa mkono wako: "hubabaika mpaka nimsaidie kujibu." Ninashuku kwamba mwanao amekwisha kujifunza somo moja vizuri sana, nalo ni kwamba akinyamaza kwa muda mfupi tu, maneno yatatoka kwingine.

Wiki chache zilizopita niliketi katika foleni ya matibabu, mbele yangu wakiwa mama mmoja na binti wa miaka minane au tisa. Walipofika dirishani, muuguzi alimwinamia yule binti akamuuliza, "Unaumwa wapi?" Binti akafungua mdomo, akamtazama mama yake, na mama akasema, "Ni tumbo, tangu jana usiku." Muuguzi akauliza, "Umekula nini leo?" Mama akajibu kwamba hajala kitu. Likaja swali la jina, na hata jina likatoka kinywani mwa mama. Wakati huo binti alikuwa amekwisha kufunga mdomo na kuanza kuchezea kifungo cha sweta yake. Aliulizwa mara tatu kuhusu tumbo lake na nafsi yake, na mara zote tatu hakuhitajika. Mama yule hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na haraka, na foleni ilikuwa ndefu.

Kinachotushinda sisi watu wazima ni kuuvumilia ukimya. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe, aliyechunguza vipindi vya sayansi katika shule za msingi na kuchapisha matokeo yake katika miaka ya 1970, aligundua kwamba mwalimu akishauliza swali alisubiri kwa wastani wa sekunde 1 hivi, kisha akalirudia, akamwita mwanafunzi mwingine au akajijibu mwenyewe. Walimu walipojizoeza kusubiri sekunde 3 au zaidi, majibu ya wanafunzi yalirefuka, wanafunzi waliokaa kimya bila jibu walipungua, na hata wale waliohesabiwa kuwa wazito wakaanza kuchangia. Hakuna kilichobadilika katika vichwa vya watoto wale isipokuwa kwamba walipewa muda wa kuyapanga maneno. Jaribu nyumbani leo: uliza, kisha jihesabie moyoni hadi tatu bila kuuma mdomo wala kumkazia macho. Utashangaa jinsi sekunde hizo zinavyokuwa ndefu.

Baada ya hapo mpe mwanao kazi ndogo zinazodai mdomo wake, zikipanda ngazi polepole. Ampigie simu shangazi yake na kumfikishia ujumbe mfupi mliokubaliana; amwombe mhudumu wa duka kitu anachokihitaji yeye mwenyewe; akiumwa, daktari aelezwe na yeye, nawe uongeze tu kile alichokisahau. Mkiwa njiani mnaweza kuifanyia mazoezi sentensi ya kwanza, kwa kuwa sentensi ya kwanza ndiyo huwa nzito. Akikosea, usimsahihishe mbele ya watu. Na mgeni akimuuliza jambo naye akachelewa, mtazame mgeni kwa tabasamu useme, "Anafikiri," kisha nyamaza.

Nisieleweke vibaya. Mtoto mkimya si lazima awe mtoto asiyejua kuzungumza. Wako watoto wanaopenda kuangalia kwanza na kusema baadaye, na hiyo ni hulka, haihitaji tiba. Lengo ni aweze kusema anapohitaji. Ila kama mtoto huzungumza vizuri nyumbani na hasemi kabisa shuleni au mbele ya watu wengine kwa zaidi ya mwezi mmoja, hilo ni jambo la kumwona mtaalamu wa watoto, wala lisichukuliwe kuwa kiburi.

SWALI: Mtoto wangu wa miaka sita hawezi kushindwa. Tukicheza karata au mchezo wa ubaoni naye akaona anazidiwa, hutawanya kila kitu sakafuni na kulia. Mke wangu anasema nimwache ashinde ili amani ipatikane. Mimi naona tunamharibu. Nani kati yetu ana haki? (Baba aliyechoka kuokota karata)

JIBU: Ndugu yangu, nyote wawili mna sehemu ya haki, lakini wewe unayo zaidi kidogo. Mtoto anayeshinda kila siku kwa kuachiwa hapati nafasi ya kuzoea kushindwa mahali penye usalama, na pia si mjinga: mapema au baadaye hugundua kwamba mnamdanganya. Kwa upande mwingine, kumshinda mtoto wa miaka sita mara kumi mfululizo si malezi, ni mashindano yako mwenyewe. Njia ya kati ni kumpa nafuu iliyo wazi. Mwambie, "Mimi ni mkubwa, kwa hiyo wewe utaanza na karata mbili zaidi." Chagua pia michezo inayotegemea bahati kuliko ujuzi, ili wakati mwingine baba naye ashindwe kweli, mbele ya macho yake.

Hapo sasa ndipo penye somo, nami nitakaa hapo kidogo. Mwanasaikolojia wa Urusi Lev Vygotsky, aliyefariki mwaka 1934, alieleza kwamba maneno ambayo mtoto husikia kwa watu wazima huyageuza kuwa maneno ya kujisemesha kwa sauti, kisha polepole yakazama na kuwa mawazo ya kimyakimya yanayomwongoza. Ukimsikia mwanao akijiambia "taratibu, taratibu" huku akipanga vitu, ujue hiyo ni sauti ya mtu fulani aliyemsikia. Basi ukishindwa, sema yale unayotaka siku moja ajiambie mwenyewe: "Nimeshindwa, na imeniuma. Nilikosea nilipoitoa ile karata kubwa mapema. Tucheze tena." Na nikuulize kwa upole: timu yako ya soka inapofungwa, mtoto husikia nini kutoka sebuleni?

Karata zikisambaa, usimhubirie wakati analia, kwani sikio la mtoto mwenye hasira huwa limefungwa. Itaje hali yake kwa maneno machache, "Umekasirika kwa sababu ulitaka kushinda," umpe muda apoe, kisha aziokote yeye mwenyewe, moja baada ya nyingine. Wewe usiziokote, hata kama umechoka kuziona sakafuni.

SWALI: Nilisoma kwamba mtoto wa miaka minne anayeweza kuikalia peremende bila kuila ndiye atakayefanikiwa maishani. Nikamjaribu binti yangu: nikamwekea moja mezani, nikamwahidi ya pili nikirudi, nikatoka. Niliporudi baada ya dakika mbili alikuwa anatafuna. Mke wangu alicheka, lakini mimi sikulala. Je, tumekwisha kuchelewa? (Baba wa mtoto asiyesubiri)

JIBU: Ndugu yangu, lala. Jaribio ulilolisoma ni la kweli, lakini ulichosimuliwa ni nusu ya hadithi.

Lilianzishwa na Walter Mischel katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, na watoto waliohusika walikuwa wa shule ya chekechea ya chuo hichohicho. Katika ripoti ya mwaka 1990, watafiti walieleza kwamba miongoni mwa waliofuatiliwa, wale waliosubiri kwa muda mrefu zaidi walikuja kupata alama bora zaidi katika mitihani ya kuingilia vyuo. Habari hiyo ilisambaa duniani kote. Kilichosambaa kidogo ni utafiti wa mwaka 2018, uliotazama zaidi ya watoto 900 wa familia za aina nyingi zaidi: uhusiano kati ya kusubiri na mafanikio ya baadaye ulionekana kuwa kama nusu ya ule wa awali, na hali ya nyumbani pamoja na uwezo wa mtoto vilipozingatiwa katika hesabu, hata hiyo nusu ikapungua kwa theluthi mbili. Peremende moja haitabiri maisha ya mtu.

Kuna utafiti mwingine ambao kila mzazi angepaswa kuujua kabla ya kumpima mwanawe. Mwaka 2013 Celeste Kidd na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester walichapisha jaribio walilowafanyia watoto 28 wa miaka mitatu hadi mitano. Kabla ya kuletewa tamutamu, kila mtoto aliahidiwa vifaa bora zaidi vya kuchorea. Nusu ya watoto waliletewa kama walivyoahidiwa. Nusu nyingine walirudiwa na mtafiti mikono mitupu, akiomba radhi kwamba kumbe vifaa havikuwepo. Ndipo jaribio la kusubiri likafuata. Waliotimiziwa ahadi walisubiri kwa wastani wa dakika 12. Waliovunjiwa walisubiri dakika 3. Hawa wa pili hawakuwa na tamaa kuliko wenzao. Walikuwa wamefanya hesabu ya busara kabisa: mtu huyu akisema ataleta, haleti.

Kwa hiyo usiku unaokosa usingizi, usihesabu dakika za binti yako. Hesabu ahadi zako. "Nitakununulia kesho," "tutakwenda wikendi," "nikimaliza simu hii nakuja," ngapi kati ya hizo zilitimia mwezi uliopita? Mzazi mmoja akinijibu kwamba zote zilitimia, nitamwachia safu hii aiandike yeye. Ahidi kidogo. Ukishindwa kutimiza, mweleze mtoto siku hiyohiyo na useme itakuwa lini, kisha siku hiyo iwe kweli.

Na lipo jambo la pili ambalo Mischel mwenyewe alilisisitiza kuliko alama za mitihani: kusubiri kuna mbinu zake, na mbinu hufundishika. Watoto walisubiri kwa muda mrefu zaidi kitu kilipofunikwa wasikione, au walipoelekezwa kuifikiria ile tamutamu kana kwamba ni wingu. Wengine walibuni wenyewe: waliimba, walifumba macho, waligeuza kiti wakatazama ukuta. Kwa hiyo msemo wa "vumilia" hauna msaada kwa mtoto wa miaka minne mpaka aonyeshwe namna. Mwulize, "Tufanye nini wakati tunangoja?" Mkifunika sahani na kuhesabu magari yanayopita, mmekwisha kuanza somo.

SWALI: Ninalea wajukuu wawili, wa miaka mitano na minane. Wakigombana humlazimisha mkosaji aseme "samahani," naye husema huku akitazama dari, na baada ya dakika tano wanarudia. Nifanyeje? (Bibi)

JIBU: Shikamoo Bibi. Samahani ya kulazimishwa huwafundisha watoto kwamba neno hilo ni nauli ya kutokea kwenye ugomvi. Likishalipwa, safari inaendelea. Ningependekeza uache kudai neno, udai tengenezo. Aliyeubomoa mnara wa mwenzake aulizwe, "Utafanya nini ili arudi kucheza?" na asiondoke mpaka apate jibu la vitendo, hata kama ni kupanga vipande vitatu tu. Yule mwingine aulizwe kama hilo linamtosha. Usikimbilie kuwa hakimu, kwa sababu ukishatoa hukumu, kazi ya kufikiri inakuwa imehamia kwako, nao wanabaki kushangilia au kulalamika. Mgogoro unaomalizwa hivyo utachukua robo saa badala ya dakika moja, najua, na Bibi una kazi nyingine. Chagua mmoja kwa siku. Mingine iamue tu kama ulivyozoea.

SWALI: Mimi ni mwalimu na pia ni mzazi. Binti yangu wa miaka kumi na mmoja tumemsifu tangu utotoni kwamba ana akili. Sasa hesabu ikiwa ngumu kidogo anaiacha na kusema haipendi. Je, sifa zina madhara? (Mwalimu)

JIBU: Mwenzangu, sifa hazina madhara zenyewe, lakini inategemea zimeelekezwa wapi. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha majaribio ambamo wanafunzi wa darasa la tano walifanya maswali, wakasifiwa kwa sentensi moja. Baadhi yao waliambiwa kwamba wana akili, wengine kwamba bila shaka walijitahidi. Walipopewa nafasi ya kuchagua, wale wa akili walielekea zaidi kwenye kazi ambayo ingewafanya waendelee kuonekana hodari, na walipokwisha kukutana na maswali magumu yaliyowashinda, walifanya vibaya kuliko mwanzo. Ukishaambiwa kwamba akili ni mali yako, kila swali gumu linakuwa hatari ya kunyang'anywa.

Hata hivyo nakuonya usiigeuze habari hii kuwa dawa ya kila ugonjwa. Programu zilizobuniwa baadaye ili kubadili fikra za wanafunzi kuhusu akili zimeleta matokeo madogo kuliko zilivyotangazwa, na mtoto asiyejua kugawanya sehemu hataokolewa na sifa ya juhudi. Anahitaji kufundishwa kugawanya sehemu. Nikiwa wewe ningesifu kitu kinachoonekana: "Ulipokwama uliichora kwanza, ikakusaidia." Sentensi kama hiyo humwachia chombo cha kutumia kesho. Vilevile mwonyeshe daftari lako la zamani, kama bado unalo, hasa kurasa zenye wino mwekundu.

SWALI: Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Wangu ana miaka kumi na mitano, amekauka. Hapangi mambo yake, fedha haikai mkononi, na nikimshauri huingia chumbani na kufunga mlango. Nimechelewa? (Mama)

JIBU: Hujachelewa, dada. Methali ile ni nzuri, lakini binadamu hakauki upesi kama samaki. Sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo nyuma ya paji la uso na inayohusika na kupanga, kupima matokeo na kuzuia misukumo, huendelea kukomaa mpaka mtu apite umri wa miaka 20 na zaidi. Binti yako ana miaka mingi mbele yake ya kujifunza kupanga. Ila hatajifunza kwa ushauri unaopitia mlangoni.

Mpe jambo halisi la kuamua, lenye ukubwa ambao kosa lake litauma bila kuvunja. Ikiwa humpa fedha za matumizi kila asubuhi, mpe za wiki mbili kwa mkupuo, mkiwa mmeorodhesha pamoja zinatakiwa kufanya nini. Kuna uwezekano mkubwa kwamba zitaisha siku ya tisa. Usiongeze, na usiende kwa siri kumwomba baba yake aongeze. Hakikisha tu kwamba chakula na usafiri wa shule vipo kwa njia nyingine, ili kinachokosekana kiwe ni vile vya hiari. Jioni hiyo ketini na daftari, kalamu akiishika yeye. Swali lako la kwanza liwe "Zilikwenda wapi?" wala lisiwe "Nilikwambia nini?" Ukishauliza, hesabu hadi tatu, na kwa umri huu pengine hadi kumi.